Siku Nilimuachia Mama Mukwe Njia Katikati ya Ziwa

Mbele ya kuanza, mi nataka tuhesabu vizuri. Mu bwato ile siku tulikuwa batu sita, na ku ngambo kulikuwa pengine batu makumi mbili ba serkle benye kungojea chakula. Lakini leo ku soko ya Kolwezi kila mwenye kuuzisha ndizi anasema "mi nilikuwa pale, nilimuona na macho yangu", na nikibajumulisha bote nakuta ile ziwa ilizungukwa na batu kupita misa ya Pasaka. Basi haya nilipata, siikatale. Lakini kama munacheka, mucheke ile ya kweli, hapana ile ya batu ba soko, ju batu ba soko banaongezaka bintu bya bule, na kitu ya bule mi siiamini.

Ilikuwa wakati wa Babeleji, ile miaka barrage, ule ukuta mukubwa, ilikuwa imekwisha kufunga mayi ya Lualaba, na ziwa mupya imejaa mpaka kumeza mabonde na mashamba, na miti ilibakia imesimama mu mayi, imekufa, nyeupe yote ju ya mavi ya ndege. Mi nilikuwa na duka kiloko, ndogo tu, ku Dilala, ya chumvi, sabuni, biatu na bilamba bya kuvaa, na nilikuwa memba wa serkle, ile nyumba ya mikutano fashi batu benye kusoma, ba-evolue kama tulivyoitwa, tulikuwa tunavaa kravati juu ya kusikiliza muzungu. (Kravati yangu nililipa nusu ya bei kwa sababu ilikuwa na doa, doa niliigeuza upande wa ndani.) Ule muzungu, Mesié Gustave, alikuwa mwalimu, mutu muzuri, lakini alikuwa na ugonjwa ya kupenda ndege. Hapana kuikula. Kuiangalia. Mutu muzima, na mushahara, anaamka asubuyi kuangalia ndege, na akimaliza anaiacha palepale.

Mi mwaka ule nilikuwa na shuguli moja tu ya maana: kumuoa Albertine, mutoto wa Tata Kabeya, karani mu bilo ya mugodi, mutu wa Kasai, mwenye kuongea Kifaransa mpaka na kuku wake. Mali ya ndoa ilikuwa imekwisha kuingia. Padri alikuwa amekwisha kutangaza majina yetu mu kanisa mara mbili, ilibakia mara moja tu, na mi nilikuwa natembea polepole sawa mutu mwenye kubeba mayai, ju mu ndoa ya siye Baluba, wa Kasai ao wa Katanga, kuko kintu moja ya kuogopa kupita simba: mama mukwe. Haumuangalie mu uso. Haukule mbele yake, na haumuone yeye akikula. Ukimukuta mu njia, weye njo unatoka, unaingia mu majani, unageuka mugongo mpaka apite. Kumugusa? Ukimugusa, ndoa imekufa, na padri anaweza kutangaza mpaka sauti ipotee.

Basi Mesié Gustave akapanga siku ya Mungu moja tuende ku ziwa kuangalia ndege mu bwato, serkle yote, bamoja mu mayi asubuyi, bengine nyuma ya chakula. Na ku serkle, kama kitu inaombwa bei, banatuma mi. Nikaenda kwa Tata Mwepu, mwenye kuvua samaki, mugini yake, kijiji ya kuzaliwa, ilikuwa imemezwa na ziwa na yeye akabakia anavua juu ya fashi alikuwa analima.

"Bwato mbili," akasema. "Mukubwa na mutoto wake. Utalipa na chumvi."

"Batu tano, na weye sita. Bwato mukubwa inabeba batu ngapi?"

"Nane."

"Basi mutoto abakie nyumbani."

"Tata, batu haiko mihogo ya kupanga mu gunia. Siku ingine mutu anataka kukaa mbali na mwenzake."

"Mwenye kutaka kukaa mbali, abakie kwake."

Ile jibu niliipenda sana. Nilirudia nayo mu njia yote nikiisema peke yangu. Nilikuwa nimehesabu bichwa: Mesié Gustave, Tata Kabeya, Albertine, sekretere ya serkle, mi na Mwepu, nikahesabu tena, ikatoka sita mara zote mbili. Bichwa nilihesabu. Bukwe sikuihesabu.

Siku yenyewe, kamyo yenye kuleta batu ikasimama pale ku mayi, na kisha Tata Kabeya kushuka nikaona biatu bya mwanamuke, bipya, rangi ya maziwa, binashuka nyuma yake. Hapana bya Albertine. Bya Albertine nilikuwa nabijua, nilibiuzisha mi mwenyewe. Macho yangu ikabakia palepale chini. Kumbe Mesié Gustave alikuwa ameambia Tata Kabeya kama evolue wa kweli anatembea na bibi yake, na Tata Kabeya, mwenye hawezi kukatala maneno ya muzungu, akamuondosha sekretere na kumuleta muke wake, Mama Mbuyi, mama mukwe wangu. Hakuna mutu aliniuliza! Mi mwenye kutafuta bwato, mi mwenye kulipa chumvi!

Nikamukimbilia Mwepu. "Ile bwato ya mutoto iko wapi?"

"Ulisema ibakie nyumbani. Ndugu yangu ameenda nayo kuvua."

Nikamuendea Tata Kabeya, kwa eshima, mikono nyuma. Akaniangalia juu ya miwani. "Ilunga, mambo ya bukwe ni ya mugini. Siye ni ba-evolue. Ingia."

Sawa. Lakini Mama Mbuyi hakukuwa evolue, alikuwa mutu. Alivuta kitambaa yake juu ya kichwa, akaenda kukaa mbele kabisa ku pua ya bwato, akageuzia siye bote mugongo. Na mi nikaenda kukaa nyuma kabisa, nikageuka kwa kuangalia kule tunatoka. Katikati bakakaa Albertine, babake, na Mesié Gustave na jumeli yake, ile miwani mirefu ya kuleta bitu bya mbali karibu. Mwepu alikuwa amesimama nyuma yangu na kafi yake, ni kusema mbele yangu, na kwa saa nzima ndege yenye niliangalia ilikuwa magoti mawili ya Mwepu.

Batu banasema "aah!", mi naona magoti. Banasema "angalia, angalia mabawa!", mi naona fashi ndege ilikuwa, na mayi yenye kutulia. Nililipa chumvi juu ya kuona kila ndege ikiwa imekwisha kuenda.

Mesié Gustave akachoka na mugongo yangu. "Ilunga! Ndege iko mbele! Geuka!"

"Mi naona vizuri, Mesié."

"Unaona nini?"

"Majani, Mesié. Ni mazuri."

"Ako na haya ya mama mukwe," Albertine akasema, na nikasikia sauti yake inatetemeka na kicheko. (Ule njo muke nilikuwa natafuta kuoa.)

Muzungu akaanza kutufundisha kama ile ni mambo ya giza, kama mwanamuke ni mutu sawa mutu. Tata Kabeya akaniinamia mu sikio: "Kamata ile jumeli, Ilunga. Usitupatishe haya mbele ya muzungu." Basi munione: nikikatala, nimemukosea baba mukwe, nikigeuka, nimemukosea mama mukwe. Nikafanya hesabu. Mama Mbuyi ako mbele kabisa, ametugeuzia mugongo, kitambaa ku kichwa; mugongo haiko uso; na jumeli inaangaliaka mbali, juu ya miti. Nikageuka. Nikakamata jumeli, nikaitia kamba yake mu shingo, nikaielekeza ku muti Mesié alionyesha, fashi ndege nyeusi za shingo ndefu zilikuwa zimejenga.

Hakuna ndege. Kitu yote ilikuwa sawa moshi.

"Zungusha kile kidude cha katikati," Mesié akasema. "Polepole."

Nikazungusha polepole. Moshi ikaanza kupata rangi. Nikaona kitu nyeupe, na ndani yake kitu ya manjano, nikafikiri: hii njo tumbo ya ndege. Nikazungusha tena. Ilikuwa yai. Yai ya kuchemusha, imelumwa nusu, na nyuma yake kinywa imefunguka, na juu ya kinywa macho mawili makubwa sawa sahani yenye kuniangalia, ju Mama Mbuyi, kwa kuamini kama mugongo yangu iko ku kazi yake, alikuwa amefungua kitambaa na kugeuka kwa kuomba Albertine chumvi.

Hakuna mutu mu ukoo yetu, tangu Baluba banaoana, amewahi kumuona mama mukwe wake mukubwa vile.

Na sasa musikie, ju hapa njo batu ba soko banaharibishaka. Banasema nilianguka. Mi sikuanguka! Miguu yangu ilifanya kile ilifundishwa tangu butoto: mama mukwe akitokea mu njia, toka mu njia. Nilisimama kwa eshima, nikageuka mugongo, nikamuachia njia. Tu, pembeni ya njia hakukuwa majani. Kulikuwa ziwa.

Sijui kuogelea. Nilishuka, nikapanda, nikashika muti moja ya zile zenye kufa na mikono na miguu, na juu yangu kulikuwa manyumba ya ndege yenye kujaa batoto. Na mi nawaambia kitu yenye Mesié Gustave hakutufundishaka ku serkle: mutoto wa ile ndege akiogopa, anatapika. Anatapika samaki. Ya moto.

Munafikiri mutu aliuliza kama niko muzima? Mesié Gustave: "Jumeli yangu! Isiguse mayi!" Tata Kabeya: "Ilunga, uliona nini? Sema mbele ya batu, uliona nini?" Na Mwepu, bila haraka, sawa mutu mwenye kuonyesha mugeni lupango, kiwanja ya nyumba yake: "Tata, usiachilie ule muti. Chini yako pale njo kwetu. Mayi inapita urefu ya nyumba mara tatu."

Miti ilikuwa imekaribiana sana, bwato iliweza kuingia na pua tu. Na ku pua nani alikuwa? Ikaingia, ikaingia, mpaka biatu bya rangi ya maziwa bikakuwa karibu na kichwa yangu.

"Madame! Umupe mukono!" Mesié Gustave akapiga kelele.

Na Tata Kabeya, ule wa "siye ni ba-evolue", ule wa "mambo ya mugini", akasimama mu bwato mpaka ikatikisika: "Mbuyi! Usimuguse! Ukimugusa, ndoa imekwisha!"

"Hata mi sitaki mukono!" nikalia kule ku muti. Nilikuwa nateleza. Padri alibakia na mara moja tu ya kutangaza. Albertine alikuwa ameacha kucheka, na ile njo iliniogopesha kupita mayi.

Hapo Mama Mbuyi akarudisha kitambaa ku kichwa, akageuka mugongo, akameza (nilisikia akimeza), na akaongea. Hapana na mi, hawezi kuongea na mi. Aliongea na ndege.

"Weye ndege, mwenye nyumba. Mugeni wako anasikia?"

"Ndege," nikasema, "umuambie mama nasikia."

"Umuambie kama mutu akimuona mamake akikula, haya inaondoshwa na mbuzi. Mbuzi mbili, mume na muke. Na kitambaa mupya, ya kushinda hii. Bikiingia, tutasalimiana sawa batu, na mutoto wangu atavaa biatu aende kanisa. Kama hapana, abakie na weye, munafanana sasa."

Kweli nilikuwa nyeupe kupita ule muti.

"Kimya!" Mesié Gustave alikuwa anaambia bengine, na sauti ya mu misa. "Kimya! Wanaongea na ndege!"

Mi, Ilunga, mwenye kupunguzisha bei ya kravati, mwenye kupunguzisha bwato mbili kuwa moja, nilifungua kinywa kusema "mbuzi moja, mama, na kitambaa ya kawaida". Mutoto wa ndege akatapika tena. Na nikasema: "Ndege, umuambie mama ndiyo."

Ndiyo. Bila kupunguza hata mukia ya mbuzi.

Mama Mbuyi akaomba Mwepu kafi ya pili, akaisukuma nyuma yake bila kugeuka, nikaishika, ju kafi haiko mukono. Kuniingiza mu bwato Mwepu akakatala, bwato itapinduka. Basi bakanivuta mu mayi mpaka ku ngambo sawa gunia ya mihogo yenye kuloweka: mama mukwe amekaa wima na kafi nyuma ya mugongo, na mi ku ncha ya kafi, mweupe, nanuka samaki, na jumeli mu shingo, mbele ya serkle yote yenye kusimama na masahani mu mikono. Kicheko yenye ilitoka pale ilirusha ndege za upande wote wa ziwa. Mesié Gustave alikuja kwanza kupanguza jumeli, kisha akanishika mukono: hakuna memba mwingine alifika karibu vile na nyumba ya ndege, je, niliona mayai?

"Moja, Mesié," nikasema, "na ile siwezi kusema."

Mbuzi ziliingia siku ya tatu, kitambaa nayo. Mama Mbuyi alinisalimia kwa mukono, mu lupango, mbele ya mashahidi, na padri akatangaza mara yake ya mwisho. Na Albertine ako hapa ndani anaona mi nikiandika na anacheka tena, miaka yote hii. Hiyo haiko shida. Batu bafikirie kama haya yangu ni mavi ya ndege, ao samaki ya moto, ao kuvutwa na kafi. Bule. Haya yangu ni moja: nilikubali bei ya kwanza. Na kisha nikajua, ju Mama Mbuyi aliniambia mwenyewe wakati tulikuwa tunasalimiana, kama ningeongea bei kiloko tu na ule ndege angeniachia na mbuzi moja.

Basi mi nimeapa. Mutu akikuja ku duka kuniambia, "Tata Ilunga, twende kuangalia ndege", namukamata mukono, namupeleka nyuma ya nyumba, namuonyesha kuku zangu. Namuambia: angalia mpaka uchoke, ni bule, na hapa pembeni ya njia kuko majani.