Maharagi Yenye Kutukanwa

Prof wetu wa biolojia, hapa Butembo, alisema kila banafunzi babili batafute swali ya kuchekesha, lakini baichunguze kwa ukweli. Swali yenye itashinda, mumoja ataenda kuieleza mbele ya bajuji kule Beni.

Swali ilikuwa yangu. Mama anasemaka batu bakigombana karibu na sufuria, maharagi inakataa kuiva. Basi mimi na mwenzangu, musichana tunaikalaka naye banc moja, tukawasha mbabula mbili za makala mu kiwanja ya masomo: maharagi ileile yenye kutoka Musienene, maji sawasawa. Mimi nilisifu sufuria yangu chini-chini, kama mutu anasali rozari. Yeye alitukana yake:

«Weye haragi! Hauna haya? Benzako banaiva, weye unangojea serikali?»

Hata bamotari ku barabara balisimamisha pikipiki zabo kucheka. Na sufuria yake ndiyo iliiva mbele ya yangu.

Prof akaniita. «Swali yenu imeshinda, na ni yako. Utaenda Beni?»

Darasa nzima ilikuwa inaniangalia, nikaona haya. «Hapana, prof. Aende yeye.»

Hakuna mutu alinilazimisha. Lakini toka siku ile nilichukia cheko yake, nilichukia misuko yake, na vile bote banamuita «Madame Haragi».

Tena nilimuficha kitu. Wakati nilikuwa naandika mu cahier, niliona: kila mara akitukana, kwa hasira anapepea makala yake na kifuniko. Yangu hakuna mutu aliipepea. Donc haikuwa matusi, ilikuwa moto. Nilitaka bamuulize kule Beni, akose mudomo ya kujibu.

Asubui ya kwenda akaniuliza: «Chérie, hakuna kitu nimesahau?»

«Hapana.»

Alirudi magaribi, sauti imekauka. Kumbe juji mumoja alimuuliza: nani alipepea moto? Akawaza, akajipiga ku paji la uso: «Ni mimi! Ni mimi nilipepea! Maskini, nilitukana haragi bure!» Kisha akapiga magoti, akaomba sufuria yenye alibeba musamaha mbele ya batu bote. Balisimama, bakapiga makofi.

«Ungekuwako, ungekufa na kucheka,» akaniambia. «Nilibaambia swali ni yako.»

Nikamwambia félicitations, hongera sana, roho inaniunguza. Jibu nilikuwa nayo wiki nzima, na makofi bamemupigia yeye.