Siku Vigelegele Vilipolia Hitimani

Vigelegele. Hiyo ndiyo sauti iliyobaki masikioni mwangu mpaka leo, vigelegele virefu vya mama mdogo Muanassa, vile vya kupanda na kushuka mpaka unadhani pumzi itamwishia, vikitoka kifuani kwangu katikati ya hitima ya kaka yangu, mwalimu anasoma na watu wote wameinamisha vichwa. Nikikumbuka naona haya mpaka natamani kujifunika shuka mchana. (Mtacheka, najua. Chekeni tu, lakini mkiona mimi nimeacha kucheka, na nyinyi mwache.)

Mimi naitwa Atija, nakaa hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na mama yangu, shule niliachia darasa la saba, na ndoto yangu ni kutangaza redioni. Si mzaha. Nikikoroga uji naitangaza habari ya uji, nikifagia natangaza habari ya uwanja, mama husema, "Wewe mtoto, siku redio yako itaharibika tutapumzika." Kwa hiyo mtu mwenye mdomo kama wangu hakustahili kupewa habari ile, siku ile, mbele ya watu wale.

Kaka yangu Sualehe alipotea siku tuliyokimbia vita kijijini kwetu, upande wa Quiterajo. Tulikuwa tumeshafika kwenye mihogo, akasema mbuzi wamefungwa, wataungua bure, akarudi kuwafungua. Basi. Hakuna aliyemwona tena, wala mzima wala kaburi lake. Na mimi simu yangu niliiacha ikichaji kwa jirani mwenye sola, ikapotelea huko huko na chipu yake, ile laini yenye namba, na chipu yenyewe ilikuwa imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine kama tulivyokuwa tukifanya wengi, kwa hiyo hata nilipotaka kuirudisha namba, dukani wakanitazama tu. Ubaya ni kwamba Sualehe hakuwa na simu. Namba aliyoijua kwa moyo duniani ilikuwa moja tu, hiyo yangu iliyopotea, alikuwa akiiimba kama watoto wa madrasa wanavyoimba alifu be te, ili kuniudhi.

Nilipopata simu nyingine nilinunua chipu nyingine hapa sokoni, na hiyo namba mpya mama aliigawa kama njugu. Aliwapa madereva, aliwapa watu wanaotoka Mocímboa, aliwapa watu wa msikitini, kila mtu aliambiwa, "Ukimwona Sualehe, mpe hii." Na ndipo ugomvi wetu ulipoanza, kwa sababu namba iliyozagaa hivyo hupigwa na kila mtu. Mmoja alinipigia kwamba nimeshinda pikipiki. Mwingine (huyu Mungu anamjua) alisema, "Mama, ni mimi mwanao, nimekwama, nitumie saldo nikupigie vizuri," na mama akatuma saldo yote, salio lote la kupigia tulilokuwa nalo kwenye simu, akakaa ameikodolea macho mpaka giza likaingia. Haikulia. Tangu siku hiyo nikaapa, namba nisiyoijua sipokei. Mama akasema, "Pokea." Nikasema, "Mama, ni matapeli." Akasema, "Mia wawe matapeli, mmoja akiwa yeye?" Nami nilikuwa naziacha zilie, nikitoka nje najifanya sisikii.

Sasa mjomba Bacar, kaka yake mama, alimbembeleza mama muda mrefu amsomee Sualehe hitima. Hakuwa na roho mbaya. Alimwona dada yake halali, kila mlango ukigongwa anaruka, akamwambia, "Dada, tumwombee mtoto, nawe upumzike." Mama alikataa, akakataa, halafu siku moja akiwa anachambua mchele akasema, "Haya," bila kunyanyua uso. Mimi niliisikia ile haya, na ninawaambia kweli, lilikuwa neno zito kuliko kilio.

Siku ya hitima wanaume wakakaa uwanjani juu ya mikeka, mwalimu katikati na chetezo cha ubani mbele yake, sisi wanawake tukakaa ukumbini, mlango wazi. Asubuhi ile namba nisiyoijua ilikuwa imenipigia mara mbili nikikuna nazi, nami nikaikata mara mbili. Simu niliifunga kwenye pindo la kapulana, kanga yangu, nikaipachika kifuani. Kuizima sikuizima. Uamuzi mdogo, jamani! Nilisema moyoni, nani atanipigia mimi, ninaowajua wote wamo humu ndani.

Na mlio wa simu yangu, sasa. Nilimrekodi mama mdogo Muanassa kwenye harusi moja, kwa sababu sokoni kuna kelele na vigelegele vyake hata mtu aliye maliwatoni atavisikia. Basi mwalimu amefika pale pa kumtaja marehemu, kimya, hata kuku hawasikiki, na vigelegele vikapasuka.

Wanawake wote wakamgeukia mama mdogo! Maskini ya Mungu, amekaa na tasbihi yake, mdomo ameufunga, machozi yanamtoka, na sauti yake inashangilia chumba kizima. Bibi mmoja akamfinya paja, "Muanassa, una wazimu?" Mama mdogo akafungua mikono tu. Mimi nikawa napapasa pindo, fundo limekaza, kadiri ninavyolivuta ndivyo linavyokaza, nikainuka nikakimbilia nyuma ya nyumba, kwenye ua wa kuogea, vigelegele vikinifuata.

Nilipoitoa ilikuwa ile ile namba ya asubuhi. Nikaitazama. Nilitaka kuikata, kidole kilikuwa pale pale, lakini nikamwona mama kichwani mwangu akichambua mchele. Nikapokea.

"Alô? Dada! Dada, ni mimi!"

Rede ya simu ilikuwa mbovu, sauti inakuja na kwenda kama mtu anayezama. Nikasema, "Nani?"

"Mimi, dada. Niko Pundanhar. Niko hai. Mama mzima?"

Halafu ikakatika.

Nilipiga tena, haipatikani. Nilipaswa kukaa pale pale uani nikapiga mpaka ipatikane, nikauliza jina, nikauliza mbuzi wetu walikuwa na rangi gani, chochote. Lakini niliwaza hivi: tapeli huanza na shida zake, huyu ameanza na mama. Hakuniomba hata saldo. Miguu ikaanza kukimbia kabla sijamaliza kuwaza, na sikurudi kwa mlango wa wanawake, nilipita uwanjani kwa wanaume, kichwa wazi, miguu mitupu, nikakipiga teke chetezo, makaa yakamwagikia kanzu ya mjomba Bacar, na kwa ile sauti yangu ya redio ninayoifanyia mazoezi kwenye uji nikatangaza:

"Kaka Sualehe yupo hai! Yupo Pundanhar! Amepiga simu sasa hivi!"

Mjomba alikuwa anajipangusa moto kwenye kanzu, akasahau kujipangusa. Mama akatokea mlangoni, ameshika kizingiti.

"Nani kasema?"

"Nimemsikia mwenyewe, mama, kwa sikio langu. Ameuliza kama wewe mzima."

Mama hakulia. Alipiga vigelegele. Tangu tukimbie sikuwahi kuvisikia vigelegele vyake, nilikuwa nimesahau kwamba na yeye anavyo, si virefu kama vya mdogo wake, vifupi vifupi, kama anaita kuku, na vikawaambukiza wanawake wote. Mwalimu akafunga kitabu akasema, "Alhamdulillahi, aliye hai hasomewi hitima." Wali uliokuwa wa hitima ukawa wa furaha, uliliwa kwa kelele, majirani wakaingia bila kuitwa, yule bibi aliyemfinya mama mdogo sasa anacheza naye, na mjomba Bacar, na tundu lake kwenye kanzu, ameshatafuta pikipiki, anabishana na mwenye nayo juu ya mchanga wa njia ya Pundanhar na kama jua litawachwea. Mama akaingia chumbani akatoka na shati la Sualehe alilolibeba tangu kijijini, akamfungia mjomba kwenye mfuko. "Mpe avae hili, asije na nguo za watu."

Pikipiki imeshawashwa. Vigelegele vikalia kifuani kwangu tena.

"Ndiye!" nikasema. "Namba ile ile!"

"Weka viva-voz," mama akasema. "Wote tusikie."

Nikaweka. Mwenye pikipiki akazima injini. Mama akaisogelea simu kama mtu anayesogelea mtoto aliyelala.

"Sualehe, baba. Mama yako hapa."

Safari hii rede ilikuwa nzuri, tulimsikia akipumua.

"Mama, shikamoo," kijana akasema. "Samahani, mimi naitwa Momade. Namtafuta dada yangu, Awa. Hii ndiyo namba yake. Aliyepokea mwanzo hakuwa Awa?"

Mjomba alikuwa juu ya pikipiki na mfuko wa shati mapajani. Mimi niliyekuwa na mdomo wa kutangaza, ikabidi niseme, na sikusema kwa sauti ya redio: "Kaka, hii chipu niliinunua sokoni. Awa simjui. Labda ilikuwa yake zamani, ikauzwa tena."

"Aa," akasema. Halafu, "Kumbe." Halafu tukamsikia akigeuka na kumwambia mtu, labda mwenye simu, "Si yeye."

Nilitaka kukata, kwa aibu, nikaona mama ananizuia mkono. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa ule wa kuchambua mchele, lakini sauti alikuwa ameitengeneza.

"Momade, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekula nini?"

"Nitakula, mama," akasema. "Nisameheni, nimewasumbua."

"Hujasumbua," mama akasema. "Mama yako atakuwa mzima, inshallah. Na Awa utampata. Piga tena, hata kama hapa siyo."

Simu ilipokatika, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wengine na wali mkononi wasijue waule au wauache. Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Kelele ningezivumilia. Mwalimu, kwa sauti ya chini, akamwuliza mama kama arudi kwenye hitima. Mama akakaa mkekani, akalitoa lile shati mfukoni, akalikunja.

"Mwalimu, soma dua ya aliye safarini," akasema. "Na huyo mtoto wa Pundanhar mtie, na dada yake."

Wachache waliobaki wakaitikia amina. Mimi niliitikia nyuma ya mlango.

Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Majirani ndio walionilipa. Mpaka leo sokoni mimi ni Atija Alô. Nikipita na beseni langu, mtu ataweka mkono sikioni, "Alô, Atija, nani kapiga?" na wengine watapiga vigelegele. Mama mdogo Muanassa alininunia siku nyingi, halafu akaniambia, "Mwanangu, sauti yangu umeifanya ije msibani bila mimi. Ifute." Niliifuta mbele yake, akaisikiliza mara ya mwisho, akatabasamu kidogo. Kanzu ya mjomba ina kiraka, naye kila Ijumaa huivaa na kunionyesha kile kiraka kwa kidole.

Kwa hiyo mimi nimeapa upya, na kiapo cha kwanza nimekitupa. Namba nisiyoijua napokea, kila moja, hata ile ya pikipiki niliyoshinda. Lakini sitaji jina la mtu, nasubiri alitaje yeye, na sitangazi kitu mpaka nimeuliza rangi ya mbuzi.

Momade hupiga. Huongea na mama zaidi kuliko na mimi, mama humwuliza amekula nini, naye siku hizi hulitaja hilo alilokula. Awa hajampata. Namba yake nimeiandika kwenye simu, "Kaka wa Awa". Juzi tukiongea akaniambia, taratibu, kama mtu anayeogopa kunikosea, "Dada Atija, kama namba ya Awa imekufikia wewe, na yako ile ya zamani si itakuwa imemfikia mtu?"

Ile namba niliipiga miezi ya mwanzo, yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia kwa Kireno kwamba haipatikani, haipatikani, nikaacha. Tangu hapo sikuipiga tena.

Jana alasiri mama alikwenda kwa mdogo wake. Nilikuwa uani nasugua masufuria. Nikanawa mikono, nikaiandika namba yangu ya zamani, nikijiimbia kama Sualehe alivyokuwa akiiimba. Ikaita. Iliita mpaka ikakoma yenyewe. Nikapiga tena, safari hii mtu akaikata, haraka, na nikamjua, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikikata mimi. Sikupiga ya tatu. Niliandika:

"Hunijui, wala mimi si tapeli, siombi kitu. Namba hii ilikuwa yangu. Akipiga mtu asiye kwenye simu yako, akamwulizia Atija, tafadhali mpokee, mpe namba hii mpya ninayokuandikia. Mwambie mama mzima."

Nikaituma. Nikaiweka simu juu ya jiwe la kufulia, sauti nimeipandisha mpaka mwisho, nikaendelea kusugua masufuria.