Nyigu Walao Maua

Ukingo wa mfereji nyuma ya nyumba yetu kule Lubarika ulinuka udongo uliokaushwa na jua, na juu ya harufu hiyo ilielea nyingine tamu, ya nta, kutoka kwenye mizinga ya baba. Nilikuwa na miaka kumi. Kiangazi kile nyuki wa baba walikuwa wanapungua, naye alikuwa na hakika kwamba wauaji ni nyigu waliotoboa mashimo kwenye ukingo ule. Alitaka kuwamwagia wote maji ya moto. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwapenda, nikamwomba anipe siku chache nimwonyeshe nani ni nani.

Nilishinda nimelala kifudifudi pale mpaka viwiko vikachubuka. Mama akiniita nikachote maji, naitika tu bila kuinuka. Nyigu muuaji nilimtambua upesi: kichwa kipana, nyuki amekumbatiwa chini ya tumbo, na mlangoni kwake udongo umemwagwa ovyo. Lakini walikuwapo wengine, weusi wenye mistari ya njano, ambao papasi zao, zile pembe laini za kichwani, zilivimba nchani kama njiti ya kibiriti. Hawa walijenga mlangoni kibomba cha udongo kilichopinda, na walirudi nyumbani uso umejaa unga wa maua, hawakubeba mdudu yeyote. Halafu nikagundua ukoo wa tatu: wadogo, wekundu, papasi zao zina kifundo kilekile, ila walikunja mbawa zao kwa urefu walipotua. Hawakuchimba. Walibandika vijumba vyao vya udongo kwenye mawe, na ukimshika mmoja anajiviringa kama kidonge. Jamani, nilijiona profesa!

Nikamwita baba. Alichuchumaa kando yangu, mkono wake begani mwangu, akasikiliza kila neno. Baba hakuwa mtu wa kusikiliza watoto, na furaha niliyoipata siku ile sijaipata tena mbele yake.

“Papa, hii ya kichwa kubwa njo inaua nyuki,” nilimwambia. “Hii ya bomba na hii ya mawe hazina kosa. Zinakula maua tu, sawa nyuki.”

“Maua tu?”

“Maua tu, Papa. Usizichome.”

“Basi, miye sitazigusa, mwana wangu.”

Jumapili alisema tumbo linamuuma, tukaenda misa bila yeye. Tuliporudi, sufuria kubwa ya mama ilikuwa imelala ukingoni, bado ya moto. Mashimo ya wauaji yalikuwa yamefukiwa, sawa, hilo nilitegemea. Lakini vibomba vyote vilikuwa tope. Hata mawe yalikuwa yamekwanguliwa, moja baada ya jingine, na mtu aliyejua hasa anachokitafuta.

“Papa, ulisema hauzigusi!” nilipiga kelele.

“Weye njo ulisema zinakula maua,” alijibu, wala hakukasirika. “Maua ile iko chakula ya nyuki yangu. Ningejua namna gani, kama weye haukuniambia?”

Nililia mpaka sauti ikakauka. Alinidanganya, tena akiwa ameniwekea mkono begani, na hilo sijamsamehe. Wale wa kwenye mawe asingewaona maisha yake yote. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwa kidole.

Leo ninaishi Uvira, mtaa wa Nyamianda, nami ni mama wa watoto. Baba amezeeka, mizinga bado anayo, na kila tukimtembelea huwasimulia wageni kwa fahari kwamba binti yake alijua wadudu kuliko agronome, yule bwana shamba wa serikali. Wageni hucheka, nami hucheka nao. Ahadi yake haimo kabisa katika hadithi hiyo. Sidhani kama anaikumbuka. Safari iliyopita binti yangu alitoka mbio kwenye majani, macho yanameta, akaelekea moja kwa moja kwa babu yake kumwambia alichokiona. Nikamdaka mkono, nikamfinya kidogo anyamaze. Baba akanyanyua kichwa, akauliza mtoto ameona nini.

“Hakuna kitu, Papa,” nikamjibu.