Mashine Iliyoonjwa Kwanza

Nilipanda basi Nyakanazi nikiwa nimeshakata shauri: mashine ya mionzi sitailalia. Nilikuwa na uvimbe kwenye titi, na jirani yangu kijijini Keza alinihakikishia kwamba ile mionzi inaunguza mtu akiwa hai.

Hospitalini niliwahi kufika kabla ya wagonjwa wengine. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona fundi wa mashine, binti mdogo sawa na mjukuu wangu. Jina lake ninalo hadi leo, ila silitaji. Juu ya kitanda cha mashine alilaza tangi dogo la maji lenye kipimo ndani. Akatoka, akafunga mlango, akawasha, akasoma namba, akaandika. Halafu akarudia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Leo unatibu maji?"

Akacheka. "Naipima mashine, bibi. Kila asubuhi. Isipotoa kiasi kinachotakiwa, hakuna mgonjwa anayelala hapa."

Kwetu mwenye nyumba hampi mgeni pombe ya ndizi kabla hajaionja yeye mwenyewe mbele ya mgeni, ili ajue haina sumu. Na huyu binti, mgeni hajaingia, ameshaonja mara mbili.

"Basi nikaribishe, mwanangu," nikamwambia, nikaanza kufungua kitenge.