Hagagi na Bahasha ya Mwanawe

Shemeji yangu Hagagi hajui kukaa. Mkaribishe kiti, atachuchumaa pembeni yake. Mpe chai, ataimaliza akiwa amesimama, glasi ingali inaunguza vidole. Dada yangu Nagati, mkewe, husema ameolewa na nzi. Mimi nauza vinywaji baridi na kofia chini ya kilima cha makaburi, ng'ambo ya mto mkabala na Luxor, kwa hiyo namwona akihangaika tangu lango linapofunguliwa mpaka linapofungwa, na kusema kweli ananichosha.

Yeye ni mlinzi wa kaburi. Si la mfalme, msije mkadhani tuna makubwa. Ni la karani mmoja wa ghala la nafaka, mtu wa enzi za mafarao, aliyejichorea ukutani mali yote aliyotaka kwenda nayo. Serikali ilitia taa humo ndani, lakini taa ile huufanya ukuta uonekane una homa ya manjano. Basi Bakri, mlinzi mwenzake, husimama nje na kioo, akalidaka jua na kulitupa mlangoni. Hagagi yuko ndani na ubao uliobandikwa karatasi ya kung'aa. Hulipokea jua lile na kulipeleka anapotaka: kwa bata, kwa ng'ombe, kwa mke wa marehemu aliyeshika ua. Jua halitulii, na wao hawatulii. Mshahara wa kazi hiyo hauwezi kulisha hata paka, kwa hiyo nyumba ile imeishi kwa bakshishi.

Na bakshishi ina adabu zake. Mlinzi mwenye heshima zake haombi kwa mdomo. Mgeni haombwi, hukumbushwa. Hagagi alikuwa bingwa wa kukumbusha. Angemulika bata, akamshika bibi kizee kiwiko kwenye ngazi, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo, kisha akasimama njiani kidogo tu, si kwa kuziba, ila usingeweza kupita usimwone. Kwa bata wale na ng'ombe wale alimsomesha binti yake Rawia, mtoto wake wa pekee, hadi akahitimu chuo cha utalii na Kifaransa kikawa kinamtiririka kama maji ya bomba.

Rawia akapata kazi ya kuongoza watalii. Ijumaa moja alikuja nyumbani, tukakaa kula mlenda kwa bata na mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani, na yeye akaanza kutueleza mambo ya kazini.

"Wageni wanachoka kusumbuliwa kila mlango," alisema. "Sasa kampuni imeweka utaratibu. Nakusanya bakshishi siku ya kwanza, natia kwenye bahasha ndogo ndogo, na kila anayetuhudumia nampa mimi mwenyewe, mbele yao, waone. Wao hawatoi kitu. Nimewaambia wanitazame tu. Ninachofanya mimi wafanye na wao, hawatamkosea mtu."

"Vizuri," alisema Hagagi.

"Jumanne naleta kundi la Wabelgiji kwako, Baba."

"Karibu sana."

"Ila..." Rawia aliumega mkate, asiule. "Siku hiyo usiniite mwanangu. Mwongozaji akipeleka watu kwa ndugu zake, wanaona wanaibiwa. Mwenzangu kafukuzwa kwa ajili ya duka la shemeji yake."

"Na mimi je?" nikauliza.

"Wewe, Mjomba, ndiyo kabisa. Wewe sikujui."

Tulicheka wote, isipokuwa Hagagi. Aliinuka chakula kikiwa nusu, akasema anakwenda kumtazama punda. Punda alikuwa ameshatazamwa, ameshalishwa, na amelala.

Kwetu mtoto akitaka kumsaidia baba yake hampi mkononi. Humpa mama, au huacha chini ya mto asubuhi, na baba huziona fedha hizo kama mtu anavyoona mvua: imenyesha, basi. Kumtia baba yako noti kiganjani mbele ya watu ni kumvua kilemba. Na bahasha ya Rawia ilikuwa itolewe kiganjani, mchana kweupe, mbele ya Wabelgiji kumi na kitu.

Tangu siku hiyo Hagagi alikuwa mtu wa kufungwa kamba. Alikuja kibandani kwangu, akapanga upya kofia zangu, akazipangua.

"Niambie, Shazli. Nikipokea, mimi ni ombaomba wa mwanangu. Nisipopokea, wale wageni watauliza mbona huyu hapewi, na kampuni itamwuliza yeye."

"Jifanye mgonjwa."

"Nagati nimemwambia. Kanijibu nikiugua Jumanne atanizika Jumatano."

"Basi mwachie Bakri zamu."

"Bakri hawezi kushika ubao. Atammulika ng'ombe matakoni." Akaondoka, akarudi. "Unadhani atanitazama usoni akinipa?"

"Kaa chini, Hagagi. Unaninywea hewa yangu."

Hakukaa. Alikwenda kunyoa ndevu, kesho yake akaenda tena, hata kinyozi akamwuliza anaoa wapi. Aliazima kanzu ya kaka yake, akaona ni mpya mno, wageni watadhani hana shida. Akavaa yake kuukuu, akaona itamwaibisha binti. Mimi hasira zilinipanda. Nilimwambia baba gani huyu anaogopa mtoto aliyemfuta kamasi. Lakini usiku huo nami niliwaza ingekuwa ni wanangu, nikaona afadhali ninyamaze.

Jumanne basi likafika. Rawia alishuka wa kwanza, kofia kichwani, kibendera cha manjano mkononi. Akanipita kama anavyopita jiwe. Nilitoza vinywaji bei ya wageni na nikanyamaza, maana ndivyo tulivyopatana. Walipopanda, nikamwachia jirani kibanda nikawafuata. Sikuweza kubaki chini.

Bakri alilidaka jua. Ndani Hagagi alilipokea, na sijapata kumwona akifanya kazi kama siku ile. Rawia alikuwa anaeleza kwa Kifaransa, na kabla hajakinyoosha kidole kwenye picha, mwanga ulikuwa umeshafika. Hawakutazamana hata mara moja. Angesema neno na bata wangewaka. Angenyamaza na mwanga ungemsubiri. Mama mmoja mnene mwenye kofia ya ukili alipiga makofi, akaona haya, akaacha.

Wakatoka nje. Rawia akafungua mkoba. Kwanza akampa Bakri bahasha, akasema asante, wageni wakaitikia kwa vichwa. Bakri akaigusisha bahasha kwenye paji la uso na kuitia kanzuni. Kisha Rawia akamgeukia baba yake, akanyoosha bahasha ya pili.

Hagagi alikuwa ameweka mikono nyuma. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake na niliiona: vidole vimeshikana hadi vimekuwa vyeupe. Rawia alingoja. Mkono wake ulikuwa umesimama hewani na ile bahasha, na wageni wakaanza kutazamana. Mzee mmoja mwenye magoti mekundu akauliza kitu. Bakri akanong'ona, "Pokea, we mtu, utatuharibia."

Hagagi hakuweza. Alikuwa anataka, nilimwona anataka, kwa ajili ya mtoto. Mabega yalitikisika lakini mikono haikuja.

Rawia akairudisha bahasha mkobani. Uso ulikuwa umemwiva. Akasema kwa Kiarabu, polepole, kama asemavyo kila asubuhi akiwa nyumbani, "Mkono wako, Baba."

Hapo mkono ukaja wenyewe. Rawia akauinamia, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso wake.

Sasa, alikuwa amewaambia wale watu wamtazame na wafuate. Mama wa kofia ya ukili akasogea, akaushika mkono wa Hagagi kwa mikono miwili, akaubusu, akaupeleka usoni. Nyuma yake mzee wa magoti mekundu. Nyuma yake wengine, kwa foleni, kimya kabisa kana kwamba wako kanisani. Hagagi aliduwaa mkono ukiwa mbele yake, hajui aupeleke wapi. Rawia akawakimbilia, akasema "non, non," akacheka, machozi yakamtoka, akawaambia neno moja ambalo hata mimi ninalijua: "Papa." Akajionyesha, akamwonyesha Hagagi.

Hakuna aliyesema ameibiwa. Mzee wa magoti mekundu alinionyesha mimi, akauliza. Rawia akapangusa macho, akamjibu kwamba huyo hamjui.

Walipokuwa wanashuka, Bakri alimgeukia Hagagi. "Miaka yote umepokea kwa Wajerumani, kwa Wajapani, kwa kila mwenye viatu. Leo zimekuwa haramu?"

"Za wale nilizipokea ili yeye asije akapokea kwa mtu," alisema Hagagi. "Sasa nipokee kwake?"

Bakri akarudi kwenye kioo chake. Mimi na Hagagi tukashuka hadi kibandani, tukasimama kivulini kuliangalia basi likipakia. Kwa mara ya kwanza katika wiki ile alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri. Aliniomba soda, akasema atalipa, jambo ambalo hajawahi kulisema.

Mama wa kofia ya ukili alikuwa wa mwisho kupanda. Alimwambia Rawia maneno, akamshika mkono kama wa kuaga, akaushikilia. Walipoachana, mkono wa Rawia ulikuwa umefumbwa. Uliingia mfukoni hapo hapo, taratibu, bila yeye kuutazama, huku akitabasamu na kumshika yule mama kiwiko kumpandisha ngazi ya basi.

 Soda ilikuwa mkononi mwa Hagagi, haijafunguliwa.

"Umeona?" akaniuliza baadaye.

"Nimeona. Ni kazi, Hagagi. Ni adabu ya kazi, hata wao waongozaji hupewa. Usijitie uchungu."

"Hakuangalia ni ngapi," alisema. "Anayeanza huangalia." Akaiweka soda mezani. "Huyu ameshapokea mara nyingi."

Basi liliondoka, Rawia akapunga mkono dirishani, kwangu pia, akasahau kwamba hanijui. Kabla vumbi halijatulia basi jingine likaingia, na Bakri akaita kutoka juu kwamba jua linapita. Hagagi akakipanda kilima mbio, na mimi nikabaki naye moyoni siku nzima.