Kumfuata Mama Mkwe Paje

Ninyi wa Kilosa mnanijua: mimi nikitaka kuuliza jambo, naliuliza papo hapo, na sauti yangu haihitaji spika. Kwa miaka saba nimekuwa msaidizi wa sheria wa kujitolea, nikiwasindikiza wanawake waliopigwa majumbani kwenda polisi, hospitali na mahakamani. Mashahidi wamenikimbia mpaka basi. Ndiyo maana nilipopata nafasi ya kukaa wiki mbili kwenye kituo cha msaada wa sheria Unguja, nikajifunze wenzetu wanafanyaje, sikufikiria mara mbili. Mume wangu akaniuliza kama nakwenda kujifunza au kuoga baharini. Nikamwambia vyote.

Jumatatu asubuhi, Mji Mkongwe. Ofisi iko ghorofani, kichochoro cha tatu nyuma ya Darajani, na ngazi zake ni za kupanda huku unasoma dua. Mwenyeji wangu, Bi Zuwena, ni mwanasheria mwembamba, mcheshi, anayevaa buibui na juu ya mtandio akatia kofia ngumu nyekundu, kwa sababu anaendesha vespa. Kwenye benchi alikaa Raya, binti wa miaka ishirini na minne. Mumewe alimvunja mkono wa kulia. Umeungwa, umepona, lakini haunyooki sawasawa.

Bi Zuwena akanieleza shauri lenyewe. Raya ameshatoa ushahidi wake. Aliyeyaona kwa macho ni mtu mmoja tu, mama mkwe wake, Bi Mize, aliyekuwa amekuja mjini kutibiwa macho na amefikia kwa mwanawe. Aliandikisha maelezo polisi, kisha akarudi kwao Paje, na wito wa mahakama ukamfuata mara mbili asitokee. Sasa hakimu kasema kesho ndiyo mwisho. Shahidi asipofika, kesi inafutwa.

"Na ikifutwa?" nikauliza.

Raya akajibu mwenyewe. "Mume wangu keshamwambia shangazi yangu. Ikifutwa tu, anakuja kunchukua."

Saa tatu tuliondoka. Siku hiyo Bi Zuwena alikuwa na somo la sheria kwa kinamama wa Paje, na mimi nilikuwa nyuma yake kwenye vespa, nimemkumbatia kiunoni kama mtoto anayepelekwa kliniki. Tunguu trafiki akatupungia mkono tusimame. Akaitazama leseni, akaitazama tena, kisha akashusha sauti: dada yake kapigwa na mume, aanzie wapi? Bi Zuwena akamfundisha palepale kando ya barabara, moja baada ya jingine, na akamwachia namba ya ofisi. Mimi nilikuwa nshaanza kutafuta kitambulisho changu kwenye mkoba.

Jozani tulipunguza mwendo kuwapisha kima punju waliokuwa wanavuka bila haraka yoyote. Kitogani tukashika kushoto, na kabla ya saa tano tulikuwa Paje.

Kinamama walikuwa barazani kwenye nyumba moja, kiasi cha kumi na watano, wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba huku wanasikiliza. Hakuna aliyeacha kazi, na maswali yaliwatoka vizuri tu. "Akinipiga nami ndiye niliyekosa?" Bi Zuwena akajibu kwamba kosa lako halimpi ruhusa ya kukupiga. Bibi mmoja hakuamini kwamba huduma ni bure. "Bure bure? Hata soda hatukununulii?" Wakacheka, na mimi nikacheka.

Kisha nikaharibu. Nilishaonyeshwa Bi Mize ni yupi, mama mnene, mkimya, aliyekaa pembeni. Somo lilipokwisha nikasema, kwa sauti yangu ile ile, "Bi Mize, kesho utakuja mahakamani?"

Bi Mize akainamia kamba yake. "Mungu akipenda," akasema, na mwenzake mmoja akaanzisha habari za mvua.

Bi Zuwena akanivuta kando. "Shoga, umemuuliza mbele ya wifi yake, mke wa kaka yake! Ulitaka ajibu nini masikini? Ana muhali."

Muhali, jamani, ndiyo mwalimu wangu wa safari hii. Ni kule kushindwa kumkatalia mtu wako usoni, au kumuudhi, kwa kuchelea kumvunjia heshima. Kwetu pia upo, ila sisi hatujaupa jina zuri hivyo.

Adhuhuri Bi Mize akatukaribisha kwake kwa wali wa nazi na pweza. Alipohakikisha tuko watatu tu, akasema bila kuulizwa.

"Kaka yangu anataka tusuluhishane ndani kwa ndani. Kesho asubuhi atakuja kukaa nami hapo barazani mpaka adhuhuri. Hanifungi kamba. Atakaa tu. Nami siwezi kumpita kaka yangu nkaondoka." Akasukuma sahani. "Siku ile nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Mwanangu anampiga mwenzake, nami nimesimama na bakuli. Hata kuliweka chini sikuliweka."

"Sisi hatukuja kukufundisha la kusema," Bi Zuwena akamwambia taratibu. "Ukija, utasema ulichokiona, basi."

"Kaka leo yuko Makunduchi. Harudi mpaka alasiri." Bi Mize akachungulia mlangoni. "Hicho chombo chako kinachukua wangapi?"

"Wawili."

Wote wawili wakanitazama mimi.

Basi nikachukua kofia ngumu niliyojia, nikamvisha Bi Mize juu ya mtandio wake, nikamfunga na mkanda wa kidevuni. Alikuwa hajawahi kupanda vespa maisha yake yote. Akapanda huku anasoma kila aya anayoijua, wakaenda zao. Angelala Kikwajuni kwa shoga yake wa zamani. Mimi nikabaki Paje, nyumba si yangu, na pweza nusu sahani.

Alasiri akaja kaka mtu, Mzee Haji, mrefu, kanzu safi.

"Hodi. Dada yupo?"

"Shikamoo mzee. Amekwenda mjini."

Nikamwona uso unabadilika. "Na wewe nani?"

"Mgeni wake. Natoka Kilosa."

Mgeni! Katoka bara, kaachwa peke yake, hajui pa kulala. Utamgombeza vipi? Mzee Haji akazunguka uani mara mbili, akatoka bila kuaga. Baada ya nusu saa akarudi na samaki wa kukaanga na madafu mawili, kanuna vilevile, akamtuma mkewe aje alale nami. Asubuhi alinitafutia nafasi kwenye gari la jamaa yake linalopeleka samaki Darajani. Akanipandisha mbele kwa dereva, na yeye akapanda nyuma. Hapo ndipo nilipochoka, maana nilikuwa nakwenda mahakamani gari moja na yule yule tuliyekuwa tunamkimbia.

Saa tatu mahakamani. Mzee Haji akakaa mstari wa mbele. Nikakaa karibu na Raya. Bi Mize akaitwa, akamwona kaka yake, akasimama nusu njia. Kisha akafika, akaapa. Hapo mwanawe akainuka kizimbani.

"Shikamoo mama."

Hakimu alimkemea, lakini salamu ilikuwa imeshatoka, kwa upole kabisa, mbele ya mjomba wake na mahakama nzima. Bi Mize akamtazama mwanawe. Machozi yalimtiririka.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Akamgeukia hakimu. "Huyu nimemzaa mimi. Nilimwona akimpiga mkewe kwa mchi wa kinu mpaka mkono ukavunjika."

Na akaendelea mpaka mwisho, bila kuruka kitu.

Hukumu bado naandikapo haya. Kilosa nimekuwa nikiwahimiza mashahidi wangu wasione haya. Bi Mize aliona haya tangu alipopanda kizimba cha shahidi mpaka aliposhuka, na alisema. Nikirudi nitabadilisha somo langu.

Bi Mize aliposhuka nilimgeukia Raya, nikamkuta kajiziba masikio kwa viganja vyote viwili, macho kafumba. Aliposikia ile salamu alidhani yamekwisha. Nikamgusa bega.

"Kasema?" akaniuliza.

"Kasema."