Jerbili Aliyekataliwa kwa Adabu

Ardis Tollefson aliwapikia wanafunzi wa shule ya Nordby kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda huo wote hakuwahi kufuga hata samaki. Mama yake hakupenda mnyama ndani ya nyumba, na baada ya mama kufariki, Ardis aliendelea kuishi kana kwamba katazo lile limeandikwa ukutani. Ikawa sasa, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, amekwisha kustaafu, na theluji imefika usawa wa dirisha la jikoni, ndipo moyo wake ulipowaangukia viumbe wawili wasiozidi kiganja: jerbili wa jirani yake Dominic Scalzo, panya wa jangwani wenye macho meusi yanayong'aa na mkia mrefu uliovikwa manyoya hadi nchani.

Dominic alikuwa fundi bomba mstaafu, mzaliwa wa New Jersey, aliyehamia Nordby, Minnesota, ili awe karibu na binti yake. Daktari alikuwa amemwambia kwamba vumbi la matandiko ya jerbili ndilo linalomkaba kifua, hivyo ilimlazimu awatafutie ndugu wale wawili makao mengine. Ardis alipopata habari hiyo hakuwaomba, ila alimwambia tu kwamba angependa kusoma habari za jerbili. Alikwenda maktaba akaazima vitabu viwili, akaanza kuvisoma kwa utulivu ule ule aliousomea Zaburi, kisha akanunua tangi la kioo la galoni arobaini, pamoja na gurudumu la kukimbilia lisilo na nafasi baina ya vyuma, mkia usije ukanaswa. Alinunua pia maranda ya mwerezi ya kutandika, kwa kuwa yalinukia kama kabati la majoho ya kwaya. Alipofika ukurasa unaosema kwamba mafuta ya mti huo huyaumiza mapafu ya wanyama hao, aliyabeba yote akayamwaga nje juu ya theluji, akajaza tangi karatasi laini iliyochanwachanwa hadi nusu, maana jerbili hawezi kuishi asipochimba. Kila kitu kilikuwa tayari, na kila kitu kilikuwa cha wawili.

Ijumaa asubuhi Dominic akabisha hodi, sanduku mkononi.

"Jirani, nimekuletea hawa. Chukua wote wawili."

Katika mji wa Nordby, mtu aliyelelewa vyema hapokei kitu anachokitamani mara ya kwanza anapopewa. Hukataa. Akishikiliwa, hukataa tena, kwa sauti iliyolegea kidogo. Mara ya tatu ndipo husema, "Haya basi, kama si usumbufu." Ardis alikuwa amepokea kwa namna hiyo vikombe vya kahawa visivyo na idadi, na hata ile kazi yenyewe ya jikoni.

"Lo, hapana, Bwana Dominic," akasema. "Wote wawili? Siwezi kukumalizia nyumba. Mmoja atanitosha."

"Una hakika? Hawa wamezaliwa siku moja."

"Kabisa. Mmoja tu kwangu ni sherehe."

Akavuta pumzi akingoja mara ya tatu. Midomo yake ilikwisha kujiweka tayari kutamka "Haya basi."

"Sawa," akasema Dominic. "Wewe ndiye uliyesoma vitabu."

Akamwacha yule wa rangi ya mchanga ndani ya sanduku, yule mweusi akamtia katika mfuko wa ndani wa koti, akashuka ngazi akienda zake. Ardis alibaki mlangoni na shukrani yake mdomoni, baridi ikiingia sebuleni.

Yule wa rangi ya mchanga akamwita Halvor, jina la babu yake. Yule mweusi, kwa Dominic, alikuwa Rocco tangu zamani. Siku za mwanzo zilipita katika kujifunza. Ardis alijifunza kutomshika Halvor mkia kamwe, kwa kuwa ngozi ya mkia huchomoka kama soksi, bali kumchota kwa viganja viwili kama anayeteka maji. Alijifunza kwamba mbegu za alizeti ni utamu wa kuonjeshwa, si mlo. Na kwamba bakuli la mchanga ndilo bafu lake. Lakini lile ambalo vitabu vililisema kwa mkazo kuliko yote hakuhitaji kulisoma tena, kwani alikuwa analitazama kila asubuhi: jerbili hakuumbwa kukaa peke yake. Halvor hakujenga kiota. Alilala ameketi, amekunjama pembeni ya kioo, na siku ya sita chakula chake kilikutwa kama kilivyowekwa.

"Umemwambia jirani yako?" akauliza dada yake LaVonne kwa simu kutoka mji wa Fargo.

"Nimemdokezea, dada. Nilimpelekea vipande vya keki ya limau, nikamwambia nyumba yake naiona imejaa kidogo siku hizi."

"Akasemaje?"

"Akasema ni lile kochi. Binti yake ndiye aliyemlazimisha kulinunua."

"Umemdokezea mtu wa New Jersey. Mdogo wangu, ungelidokezea lile kochi lenyewe lingeelewa upesi zaidi. Nenda ukamwambie."

"Hivi hivi tu? Kitu nilichokikataa?"

"Basi mwache Halvor afe na tabia njema."

Ardis alidokeza mara ya pili. Alisema Halvor anafanana na msafiri aliyeachwa na basi. Dominic akamshauri ampe mbegu zaidi. Na siku ya kumi na tatu, walipokutana kwenye masanduku ya barua, Dominic mwenyewe akamwambia kwa furaha kwamba mama mmoja wa mji wa pili, mwenye jerbili wake mpweke, anakuja Jumamosi kumchukua Rocco.

"Vizuri sana," akasema Ardis, akaingia ndani. Alimtazama Halvor, ambaye sasa mifupa ya mgongo ilianza kuhesabika chini ya manyoya. Halafu, bila kuvua koti, akatoka tena kwenda kwa Dominic.

"Namtaka Rocco," alisema hata kabla hajakung'uta theluji viatuni, na maneno yalimtoka kama mtu aliyevunja sahani ya watu.

"Rocco? Si ulimkataa?"

"Nilimkataa mara mbili tu."

Dominic akamwangalia. "Mara mbili tu. Jirani, kwetu ukikataa mara moja, chakula chako kinaliwa na mwenzio."

"Ulitakiwa uniulize mara ya tatu."

"Nitakiwe na nani?"

"Na kila mtu. Ndivyo inavyofanywa."

Dominic akajiketisha polepole juu ya kochi la binti yake. "Miaka minne niko hapa," akasema. "Nimewakaribisha watu soseji, nimewaambia nitawazibulia mabomba, nitawapeleka hospitali. Wote 'hapana, asante,' nami nawaacha. Nilidhani hamnipendi."

"Sisi tulidhani wewe ni mchoyo," akasema Ardis.

Wakatazamana, kisha wote wawili wakacheka, Dominic hadi kifua kikambana akatafuta dawa yake ya kuvuta.

"Na yule mama wa Jumamosi?" akauliza Ardis, dhamiri ikimsumbua.

"Nampigia sasa hivi. Atasema hakuna neno, nami sitajua tena maana yake nini."

Hata hivyo jambo halikuishia hapo. Jerbili hutambuana kwa harufu, na siku kumi na tatu zilitosha kuwageuza ndugu wale kuwa wageni. Wakiwekwa pamoja ghafla, wangeumana hadi mmoja afe. Dominic akakata wavu wa chuma kwa ustadi wa mtu aliyepima mabomba maisha yake yote, akaligawa tangi la Ardis katikati, kila ndugu upande wake. Siku ya kwanza Halvor alipiga mguu wa nyuma sakafuni, du-du-du, na Rocco akauma wavu. Kila siku Ardis aliwabadilisha pande, kila mmoja alale katika harufu ya mwenzake. Katika sala zake hakuwahi kuwataja wanyama. Sasa aliwaingiza baina ya wagonjwa na wasafiri, akiamini kwamba Aliyewaumba hakuona udogo wao kuwa sababu ya kuwasahau. Chakula kikaanza kupungua bakulini. Siku ya tisa akawakuta wamelala mgongo kwa mgongo, wavu ukiwa kati yao.

Siku ya kumi na moja, baada ya chakula cha mchana, Dominic alisimama kando amejifunga skafu puani, na Ardis akavaa glavu zake za oveni, tayari kuwatenganisha. Akauinua wavu.

Rocco akasogea. Halvor akapiga mguu. Wakazungukana mara moja, haraka mno, manyoya yamesimama, na Ardis akatumbukiza glavu moja ndani ya tangi.

"Ngoja," akasema Dominic, kisha akapiga chafya iliyotikisa kioo.

Jerbili wote wawili wakaganda. Halafu Halvor akajilaza chini taratibu, akainamisha kichwa, akamtolea mwenzake shingo. Rocco akaikaribia, akainusa kwa muda ambao Ardis aliuona mrefu kuliko ibada yoyote, akaanza kumlamba masikio.

Jioni ile, kabla jua halijazama, Ardis alimpigia dada yake.

"Wamejenga kiota," akasema. "Karatasi yote wameihamishia pembe moja. Wamelala."

"Pamoja?"

"Rocco yuko juu. Halvor namwona pua tu."

"Si atakosa pumzi? Mtoe."

"Nimemtoa, dada. Mara mbili. Kajirudisha chini mwenyewe."